Nyundo ya Mihambo

Mwaka wa ishirini na tisa huu nagonga magurudumu
stesheni ya Tabora, kabla behewa halijaondoka.
Gurudumu zima hulia kama kengele.
Lenye ufa hukohoa.
Jicho halioni kitu, chuma kinang'aa,
sikio limeshajua.

Jana zamu yetu ya kupimwa:
macho, masikio, presha, kama kila mwaka.
Kalunde akaongeza kichupa kimoja cha damu.
"Cha nini? Siumwi mimi."
"Cha ini," akasema.

Ini! Nililijua kwa misemo tu,
kwa maneno ya shemeji yaliyonikata maini
siku ile ya mahari.
Sikujua kuwa huota kovu kimyakimya,
uzi juu ya uzi, bila kuuma,
huku mwenyewe unakula ugali, unacheza bao,
unabishana kuhusu Simba na Yanga.

Akachukua umri wangu, vimeng'enya viwili,
chembe zinazogandisha damu,
akazidisha, akagawanya
kwenye simu yenye kioo kilichopasuka.
Namba ikatoka. Si nzuri, si mbaya.
"Imekohoa kidogo," nikasema.
Hakunielewa. Akaandika barua ya Kitete:
picha ya ini, Alhamisi, usile asubuhi.

Usiku treni ya Kigoma ilichelewa.
Niligonga kila gurudumu mara mbili.
Kisha, gizani, taa nimeiweka chini,
nikajigonga kwa vidole viwili
chini ya mbavu, upande wa kulia,
nikatega sikio.