Taa ya Kijani, Pucón

Taa ya volkano pale uwanjani inawaka kijani:
leo mlima umekubali kulala.
Wenzangu wamevaa kofia ngumu, wameondoka
na mashua ya mpira, kugombana na mto.
Mimi nimebaki ziwani, viatu mkononi,
mchanga mweusi ukinichoma
kama sufuria iliyosahaulika jikoni.

Otilia Huenchumil ananikatia keki,
ananiuliza nimeruka kutoka wapi.
Sijaruka.
Anacheka, ananiongezea kipande.
Miaka hamsini chini ya moshi ule, asema,
wala hajaupanda.
"Nani apande paa la jirani yake?"

Jioni wenzangu wanarudi wamelowa,
sauti zimewakauka kwa mayowe.
Wewe je, umefanya nini?

Nawaonyesha nyayo.