Namba Mbili, Moja Juu ya Nyingine

Mwalimu Mwaisumo aliazima mashine zahanati,
akaisainia kama mtu anayepokea ng'ombe wa kufuga,
akaileta ndani ya kikapu cha viazi, imefunikwa kanga.
Swali lake aliliandika ubaoni kwa chaki ya bluu:
Je, michezo hushusha presha ya mwanafunzi?
Tukanakili. Hata alama ya kuuliza tulinakili.

Mimi nikapewa kalamu na karatasi ya mistari
kwa sababu mwandiko wangu, alisema, hauna makelele.
Safu mbili: WANAOCHEZA. WASIOCHEZA.
Ukungu wa Isongole ulikuwa umekaa dirishani
kama mzazi aliyewahi kikao.

Alianza Lusekelo, kipa,
yeye ambaye goli lake liko upande wa mteremko
na kila mpira unaompita
anaufuata hadi katikati ya pareto za watu.
Mkanda ukajaa upepo, ukambana, ukaguna, ukapumua.
Mwalimu akasoma. Akapima tena.
"Kaa kidogo, mwanangu. Shusha mabega."
Mia arobaini na mbili juu ya tisini.
Kipa wetu, kwenye safu ya wanaocheza,
namba yake imesimama kama jogoo juu ya paa!

Hakuna aliyecheka.
Mwaka jana baba yake alianguka kwenye matuta,
upande mmoja wa mwili ukagoma hadi leo,
na mashine waliyomfunga siku ile
ilikuwa na mkanda huu huu, wa kijivu,
wenye kiraka cha plasta.

Dakika kumi baadaye namba ilishuka,
lakini kwa wasiwasi,
kama mtu anayeteremka mti
huku akichungulia kama mbwa bado yupo.
"Andika zote mbili," aliniambia mwalimu.
Nikaandika zote mbili. Safu ikawa nyembamba.

Subilaga wa netiboli: mia na nane juu ya sitini na nane.
Asangalwisye, ambaye hachezi chochote
ila drafti ya vizibo vya soda:
mia kumi na nane juu ya sabini na sita.
"Mwalimu, drafti si mchezo?"
"Muulize moyo wako, usiniulize mimi."
Hapo ndipo tulipocheka.

Mwisho, mimi.
"Gwantwa, unacheza nini?"
"Sichezi, mwalimu."
Tisini na nane juu ya sitini.
Alitazama namba, akatazama viatu vyangu,
tope limepanda hadi kwenye soksi.
"Unatokea wapi?"
"Ng'ambo ya Kiwira."
"Kila siku?"
"Kila siku. Na jioni ndoo."

Akaichukua kalamu mkononi mwangu,
akachora safu ya tatu kwa rula,
akabaki ameishika juu, hajui aiite nini.
Hadi kengele inalia
kichwa cha safu kilikuwa kitupu
na jina langu liko peke yake chini yake.

Jioni Lusekelo alinisubiri penye kona ya uwanja,
glavu zake za kulimia kwapani.
"Ile namba ya chini ni ya nini?"
"Ya moyo ukipumzika kati ya pigo na pigo."
Akanyamaza.
"Sasa wangu," akasema, "unapumzika saa ngapi?"

Nilikuwa na karatasi yote kichwani,
majina thelathini na moja, sikukosea hata moja,
na sikuwa na la kumjibu.
Mtu akapiga mpira. Ukapita goli, ukashika mteremko.
Lusekelo akaivaa glavu moja,
ya pili akaniachia,
akaukimbilia mpira chini kwenye pareto,
nami nikasimama pale na ndoo yangu,
vidole viwili shingoni, nahesabu,
sijui namhesabia nani.