Jiko la Tumboni

Miezi mitatu tumbo langu lilizungumza peke yake,
hasa kanisani, hasa wakati wa kimya.
Kiungulia kilipanda usiku, Nyalenda nzima imelala,
nami nimekaa kitandani kama mtu anayesubiri simu.

Kokilaben wa duka la vitambaa, ninayemshonea mapazia,
alinitazama nikishushia mandazi kwa soda ya baridi,
nimesimama, cherehani bado inazunguka.
"Apondi, tumboni mwako mna jiko.
Unalimwagia maji ya barafu,
kisha unalilaumu kwa moshi."

Akanifungia kwenye gazeti jira, tangawizi kavu
na mvuje, ulionukisha mkoba wangu hadi Pasaka.
"Shibe yako iwe saa sita, jua likiwa utosini.
Jioni, ndengu na mchele vilivyopondeka, vuguvugu.
Na keti, mama. Keti."

Hilo la kuketi ndilo lililonishinda.
Odera aliuliza samaki wa jioni amemkosea nani.
Mamake, aliyetoka Seme kututembelea,
alionja rojo langu la ndengu
akauliza nani mgonjwa.
Lakini nilikula kimya, simu kabatini,
nikaisikia chumvi
kwa mara ya kwanza tangu mikopo ianze.

Usiku tumbo likanyamaza.
Si kila usiku.

Jumamosi nilimkuta Kokilaben nyuma ya marobota,
amesimama, anatafuna muhogo wa kukaanga,
pilipili hadi kiwikoni.
Akafuta midomo kwa ncha ya sari.
"Hiki si chakula," akasema. "Hii ni siri."

Nikamvutia kigoda.