Kisigino cha Pihla

Mimi sikuoni, Pihla. Wakuone hao walioketi.
Mimi niko chini, nimechuchumaa, viganja wazi,
na ninachokijua kwako ni raba namba thelathini na sita
na kisigino cha kushoto
ambacho kikiogopa, kinaogopea mkononi mwangu.

Jumanne ya kwanza ulipanda kama mtu anayeomba radhi.
Ulijikunja, ukajipunguza,
ukidhani aliye mdogo ndiye mwepesi.
Sivyo.
Gunia la viazi lililolegea huwashinda wanaume wawili;
ngazi, hata ya mti mzito, hubebwa na mmoja
naye akipiga mluzi.
Jikaze, Pihla. Uwe ngazi.

Kocha Marketta hapayuki. Hukohoa, kisha hutoa neno moja:
"Nyonga." Au: "Goti."
Siku ile alisema "Macho," akaenda zake kuzima birika.
Maana ulitazama chini, ukiitafuta sakafu,
na sakafu ikitafutwa, huja.
Tulikudaka ovyo: kiwiko chako, pua ya Oona,
matone matatu kwenye mkeka wa buluu,
na Oona akicheka kwa sauti ya mafua.
Ukalia wewe, usiyeumia.

Nje, Kajaani, saa tisa alasiri na giza limeshatanda,
theluji ilikuwa ikianguka
bila kudakwa na mtu.

Baadaye ukaniambia unapiga mswaki kwa mguu mmoja,
asubuhi wa kulia, usiku wa kushoto,
macho umefumba, povu linachuruzika kidevuni,
na mdogo wako Eeli anakuhesabia
ila kumi na saba huiruka, kwa kuwa haipendi.
Kwamba kwenye foleni ya duka, nyuma ya wazee na maziwa yao,
unabana tumbo, unabana mapaja,
na hakuna ajuaye kuwa uko mazoezini.
Nikakuambia: vizuri, lakini usingoje tukuinue.
Sukuma mabega yetu. Panda kama unayepanda kitanda cha juu
kabla dada yako hajakiwahi.
Goti linyooke kwanza, liulize baadaye.
Sisi kukupeleka tutakupeleka;
kusimama, hatuwezi kukusimamia.

Februari. Begani nina alama, ya zambarau, kisha ya manjano.
Mama akauliza ni nani anayenipiga.
Nikamjibu: kisigino.
Akanitazama sana, akanipa mafuta ya kuchua.

Alhamisi ile hakuna aliyetuonya.
Mguu mmoja tu, wa kushoto, huu wangu.
Oona kanikabili, pua imepona,
Sirkku nyuma kakamata kifundo.
Tukazama, tukasukuma,
na uzito wako ukapita mkononi, ukapita kiwikoni,
ukashuka uti wa mgongo hadi sakafuni
kama maji yaliyouona mfereji.
Kisigino kikanyamaza.

Sijawahi kusikia kitu kikinyamaza namna ile.
Tano. Sita.
Kwenye saba kilitikisika, nikakibana, nacho kikanibana,
na juu huko, mbali, najua tu kwamba hukutazama chini
kwa sababu sakafu haikuja.
Nane.

Ukaanguka ulivyofundishwa, mikono wazi, miguu pamoja,
mzima mzima kama mkate uliotoka kwenye kopo lake,
ukatua vifuani mwetu.
Marketta akakohoa. Tukalisubiri neno.
Akakohoa tena.
Maskini, kumbe safari hii ni kikohozi kweli.

Nawe, ukiwa bado mikononi, unahema, nywele mdomoni:
"Nilitabasamu?"

Sijui, Pihla. Waulize walioketi.
Mimi nilikuwa chini.
Ninachokijua ni kwamba kwenye saba
vidole vilijikunja ndani ya raba. Nilivisikia.
Twende tena, tuvinyooshe.