Sampuli ya Rola Namba Kumi na Saba

Zdenka anasugua kipande cha chuma cha kusubu
mpaka king'ae kama kioo,
kisha tone la asidi, kisha hadubini.

Vidoa vyeusi: grafaiti,
masizi yaliyolala ndani ya chuma.
Kando yake kabaidi, nyeupe, ngumu kama jino.
Masizi yakizidi, rola inalika.
Yakipungua, inapasuka
kwa bamba la kwanza jekundu.

Jana Bogomir alitia silikoni,
akatoka kujibu simu ya bintiye.
Dakika tisa.
Dawa ikachuja ndooni.

Leo vidoa ni haba, vimekaa mbalimbali
kama watu waliochelewa mazishini.

Theluji ya Celje inagonga dirisha.
"Binti alisemaje?"
"Amejifungua."

Zdenka anampa mkono, anauchelewesha,
kisha anaandika:
irudi tanuruni.