Hita

Saiq, Januari, saa kumi na moja alfajiri.
Maji ya mbuzi yamefanya ngozi ndooni,
nayavunja kwa kisigino.
Lori la maji la marehemu Nabhan limelala chini ya mkomamanga
na blanketi langu la arusi juu ya boneti.

Dizeli haina cheche. Watu wa petroli hawalijui hili.
Hewa hubanwa, hubanwa, mpaka inapata moto wa kuwashia,
na chuma kikiwa baridi huinyang'anya moto huo.
Mafuta yanaingia, hayaungui,
yanatokea mkiani, moshi mweupe unaowasha macho.

Basi nageuza ufunguo nusu. Kitaa cha manjano. Nangoja.
Nabhan alikuwa akihesabu kwa Kiarabu,
mimi nahesabu kwa lugha ya mama, kwa sauti, mpaka ishirini,
kisha narudia, maana hita ya tatu imekufa tangu Shaabani
na fundi wa Birkat al-Mawz anataka riali kumi na mbili.
Yarub, mtoto wa kaka yangu, kaletwa kutoka Maabela ajifunze kazi.
Ananifuatisha. Kwenye kumi anaishiwa.

Stata inalia.
Inalia.
Inashika: silinda tatu kwanza,
ya nne inajikokota kama mtoto anayeamshwa kwenda chuoni.
Lori zima linatetemeka,
kioo cha ubavuni kinagonga, injini inatwanga kinu kitupu.
"Yalla, shangazi, kanyaga!"
Sikanyagi.
Oili bado nzito kama uji wa jana, haijapanda juu.
Injini baridi ukiikanyaga itakutii, naam,
na deni itakuandikia.

Ijumaa Bi Muzna hunipigia simu kutoka Wete.
Maneno yangu ya mwanzo ni moshi mtupu:
nasema "kitu ile," nasema nimekuja
nikitaka kusema nimekwenda.
Hanisahihishi. Huniuliza habari za mbuzi,
za goti, za bei ya vitunguu,
vitu vidogo vidogo, polepole,
mpaka ya nne nayo inashika
na mimi ndiye wa kumkatiza.

Mlimani namwachia Yarub usukani.
Tangi limejaa, kilima kimesimama, naye kang'ang'ania gia ya tatu.
Mizunguko inashuka. Lori linapiga kwikwi,
sakafu inanigonga nyayoni.
"Tunaokoa mafuta," asema.
Unaokoa kikombe, unaua krenki.
Weka mbili.
Anaweka. Sauti inapanda, inanyooka,
mgongo wangu nao unanyooka kitini.

Tukifika kwa wenye mawaridi nataka azime. Hazimi.
Anaiacha sailensa, ameinamisha kichwa,
anasikiliza kitu.
"Shangazi," asema, "baada ya kumi?"

Hita nitanunua mwezi ujao. Labda.
Kumi na moja, namwambia. Shika hapo kwanza.