Uji wa Chaki

Kazi yangu ilikuwa kunong'ona.
Nilipiga magoti nyuma ya kamera, karatasi mkononi,
na Minza Luhende akikwama katikati ya sentensi
nilimrushia neno, moja tu, kama punje kwa kuku,
naye akalidaka bila kunitazama.

Miaka sita. Nyumba ya kupanga Pasiansi,
jenereta lenye kifua kikuu,
mapazia matatu tukiyageuzageuza:
leo sebule ya tajiri, kesho wodi, keshokutwa mahakama.
Aliigiza Bi Tausi, mama wa kambo,
aliyetia sumu kwenye uji wa mtoto
Alhamisi moja, saa mbili na nusu usiku,
na kuanzia Igoma hadi Kirumba
mji mzima ukamchukia kwa kauli moja.

Chuki ya sokoni haina mapumziko ya matangazo.
Pale Mwaloni mama mmoja alifunika dagaa wake kwa khanga:
"Kwako hakuna, mchawi."
Minza akacheka, akanunua nyanya.
Garini akaniuliza,
"Hivi siku nisizoigiza, sura yangu huwa inakaa wapi?"
Nikapekua karatasi.
Hapakuwa na jibu lililoandikwa.

Ndipo wakaja wale wa Igombe, Wakaaji wa Ukimya.
Shuka za marekani, miguu peku juu ya majabali,
hawali kambale, hawali kamongo,
simu wanazizika shimoni na kumwagilia maji.
Hawakumwita Bi Tausi.
Walimwita Minza.
Walimuuliza kama amekula.

(Miaka sita, mimi sikuwahi kumuuliza hilo.)

Alianza na Jumamosi. Kisha Ijumaa na Jumamosi.
Kisha tukamngoja siku nne, taa zinawaka bure,
mpaka mwongozaji akamuua Bi Tausi kwa simu:
mtu anapokea, anasema "Eti nini? Ajali? Shelui?"
anakaa kitini, basi.
Mhusika wa miaka sita akafa hivyo,
nje ya picha, bila hata viatu vyake.

Halafu nikasikia ametubu.
Mbele ya watu mia tatu, ziwa likiwa kimya nyuma yake,
Minza alilia akaungama ule uji.
Ule uji!
Niliukoroga mimi, kwa mkono wangu huu,
unga wa muhogo, maji ya bomba na chaki ya shule
ili uonekane mzito kwenye kioo.
Hakuna mtoto aliyeunywa. Mtoto alikunywa soda.

Lakini watu waliuona kwa macho yao, Alhamisi ile.
Wakasema, kama hata Bi Tausi ametubu,
sisi ni nani?
Wakamfuata. Hati za viwanja zikamfuata.
Watoto wakatolewa shule wakafundishwe kunyamaza.
Dada yangu Ng'washi aliuza cherehani,
akapeleka pesa ndani ya soksi,
akaacha nguo ya sare ya mteja, mkono mmoja haujashonwa.
Ninayo hadi leo. Mteja hajaja.

Siku magari ya polisi yalipoteremka Igombe
nilikuwa nakula. Taarifa ya habari ikamleta
akiwa amesimama vumbini, nywele zimenyolewa,
vipaza sauti saba vimemzunguka mdomo.
"Watu waliotoweka wako wapi?"

Akafungua kinywa.
Akakwama.

Nakujua ule mkwamo. Kidole gumba kinasugua cha shahada,
jicho la kushoto linatafuta chini, upande wa kulia,
pale nilipozoea kupiga magoti.
Wenzake wakadhani anasali.
Mwandishi akadhani anatunga uongo.
Nami, tonge mkononi, mbele ya kioo,
nikajikuta nimeinama,
nanong'ona,
moja tu:

Ng'washi.

Akanyanyua uso kama aliyesikia.
Wakakata, wakaweka hali ya hewa.